Radi ikipiga jiwe, jiwe linabakije?

SWALI: Habari za kazi. Tulibishana na jamaa zangu, mmoja anasema radi ikipiga mwamba inaupasua tu basi, mwingine anashikilia kwamba inauyeyusha mpaka unakuwa kioo. Nani yuko sahihi? Na mtu akikutana na jiwe lililowahi kupigwa atalijuaje?

JIBU: Nzuri ndugu yetu, karibu. Jamaa zako wote wawili wako sahihi, radi inayeyusha na inapasua, mara nyingine vyote kwa pigo moja. Ila kuna jambo la tatu hamkuligusa na mimi ndo nalipenda kuliko yote, nalo ni sumaku, nitalifikia.

Tuanze na kuyeyuka. Ile njia ya hewa anayopita umeme inafika nyuzi joto kama 30,000 za Selsiasi, wakati uso wa Jua una kama 5,500 tu. Mchanga mwingi ni kwatzi, aina ya madini magumu, na kwatzi inayeyuka kwenye nyuzi 1,700 hivi, kwahiyo hata kama radi inadumu sehemu ndogo mno ya sekunde bado joto linatosha na kubaki. Mchanga unayeyuka palepale alafu unapoa haraka mno, chembe zake hazipati muda wa kujipanga upya kuwa fuwele, na kitu kilichopoa bila kujipanga ndo kioo chenyewe. Kinachobaki ardhini ni mrija unaofuata njia aliyopita umeme, wataalamu wanauita fulguraiti. Ukiushika, nje unakwaruza kwasababu chembe za mchanga zimegandia, ukichungulia ndani ni laini, unang'aa, una vipovu vya hewa iliyonaswa humo. Rangi inategemea mchanga, ukiwa safi unapata nyeupe au kijivu, ukiwa na chuma ndani yake inaenda kwenye kijani mpaka nyeusi.

Charles Darwin aliikuta mirija hii kwenye vilima vya mchanga karibu na Maldonado kule Uruguay, mwanzoni mwa miaka ya 1830, kipindi yuko safarini na meli ya Beagle. Jicho lake lilikuwa kali, aliona mirija ina mifereji kwenye urefu wake, akaelewa kwamba mchanga wa pembeni uliibana wakati kioo bado ni laini. Miaka ya 1990 nako watafiti wa Chuo Kikuu cha Florida walikuwa wanarusha roketi ndogo zenye waya kuelekea mawinguni ili radi ipige pale wanapotaka wao, wakafukua fulguraiti yenye matawi ya karibu mita 5. Kuufukua mrija wa urefu huo ni kazi ya subira jamani, maana kuta zake ni nyembamba na zinavunjika ovyo.

Kwenye mwamba mgumu hupati mrija wa hivyo, unapata ngozi ya kioo juu ya jiwe, au vitundu vilivyopakwa kioo. Mlima Thielsen ulioko Oregon, Marekani, una kilele kilichochongoka sana na radi zinakipiga mno, mawe ya pale juu kabisa yana mabaka ya kioo cheusi na kijani, lakini ukishuka mita chache tu huyaoni tena.

Sasa huko kupasua. Mwamba mkavu kabisa ni nadra, kwenye nyufa zake kuna maji, umeme ukipita yale maji yanageuka mvuke kwa ghafla na mvuke unataka nafasi kubwa kuliko maji, nafasi yenyewe haipo, basi jiwe linafumuka. Mwaka 2014 Jasper Knight na Stefan Grab wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand walichapisha utafiti wao wa milima ya Drakensberg, kule Afrika Kusini na Lesotho, wakaonyesha kwamba vipande vingi vyenye kingo kali vilivyotapakaa kule juu vimevunjwa na radi. Kabla ya hapo lawama karibu zote zilikuwa zinaenda kwa barafu, yaani maji yanaingia kwenye ufa, yanaganda, yanapanua ufa pole pole. Mimi naona hili ni kubwa, maana tumezoea kufikiri mlima unaliwa taratibu tu, kumbe kuna sehemu ya kilele inang'oka kwa mpigo mmoja wa radi.

Na mshtuko wenyewe unaacha alama ambayo huioni kwa macho. Mwaka 2015 Reto Gieré na wenzake walichunguza mwamba wa graniti uliopigwa na radi kusini mwa Ufaransa, juu una utando wa kioo mwembamba kuliko unywele, na chini ya huo utando fuwele za kwatzi zina mistari mingi midogo iliyojipanga sambamba. Mistari ya namna hiyo wanajiolojia walikuwa wakiikuta wanawaza moja kwa moja kimondo kilichogonga Dunia, kwasababu inahitaji mgandamizo mkubwa maelfu kwa maelfu ya mara kuliko ule wa hewa tunayoishi nayo. Sasa inabidi mtu ajiulize mara mbili kabla hajatangaza kimondo, hasa kama jiwe lake limetoka juu ya mlima.

Haya, sumaku. Radi ya kawaida inabeba umeme wa kama ampea 30,000, na umeme wowote unaopita unatengeneza nguvu ya sumaku kuuzunguka. Piga hesabu, mita moja kutoka kwenye njia yake nguvu hiyo inakuwa takriban mara 100 ya sumaku ya Dunia. Kwenye miamba kama bazalti, yaani lava iliyopoa, kuna chembe za madini ya chuma yanayoitwa magnetaiti, zikikumbwa na nguvu hiyo sumaku ya ndani yake inageuka kuifuata alafu inabaki hivyohivyo, radi imepita zamani lakini mwelekeo umebaki. Ndo hapo unapata jibu la lile swali lako la utalijuaje: chukua dira, siku hakuna wingu la mvua hata moja tafadhali, uipitishe polepole karibu na mwamba ulio wazi. Kama mshale unageuka huku, hatua mbili mbele unageuka kule, pengine unazunguka kabisa, hapo kuna kila dalili kwamba radi imewahi kupiga. Knight na Grab nao walitumia dira hivihivi kule Drakensberg.

Wanaosoma historia ya sumaku ya Dunia inawasumbua hii. Lava ikipoa inahifadhi mwelekeo wa sumaku wa siku zile, wao wanakuja kuusoma baada ya mamilioni ya miaka, kumbe radi imeshafuta na kuandika juu yake. Kwahiyo wanakwepa kuchukua sampuli kwenye vilele na mabonde yaliyojificha yanakuwa na thamani zaidi kwao. Hata yale mawe ya sumaku ya asili ambayo watu walitumia kutengeneza dira za mwanzo, maelezo yenye nguvu zaidi ni kwamba yaliipata sumaku yake kutoka kwa radi.

SWALI: Jiwe lililopigwa na radi bado lina umeme ndani? Naogopa kulishika.

JIBU: Halina, shika tu. Umeme wote umeshaingia ardhini muda uleule. Angalia vidole tu, kioo kilichovunjika kinakata.

SWALI: Hivi vioo vya radi vina kazi gani zaidi ya kupendeza?

JIBU: Kazi ipo, tena kubwa. Vile vipovu nilivyosema vinahifadhi gesi. Kuna fulguraiti ya jangwa la Libya, upande wa kusini magharibi mwa Misri, ina umri wa kama miaka 15,000. Watafiti walizipima gesi zake, matokeo yakachapishwa mwaka 2007, na zilionyesha kwamba radi ilipiga udongo wenye mabaki ya mimea, sehemu ambayo leo ni ukame mtupu.

Nyingine inahusu fosforasi, ambayo kila kiumbe hai anaihitaji. Dunia ilipokuwa changa fosforasi ilikuwa imefungiwa kwenye madini yasiyoyeyuka kirahisi kwenye maji, na wengi waliamini vimondo ndo vilileta ile inayotumika, kwenye madini yanayoitwa shraibasaiti. Mwaka 2021 Benjamin Hess na wenzake wakaeleza kwamba wameikuta shraibasaiti hiyohiyo ndani ya fulguraiti kubwa ya udongo kutoka Glen Ellyn, Illinois, iliyotokana na radi ya mwaka 2016. Joto la radi linaiondolea fosforasi oksijeni na kuiunganisha na chuma. Faida yake ni kwamba radi zinaendelea kupiga miaka yote wakati vimondo vilizidi kupungua kadiri Dunia ilivyokua, kwahiyo hata sayari isiyopigwa na vimondo vingi bado inaweza kuipata fosforasi ya aina hiyo mradi ina hewa yenye mawingu ya radi.