Muage mtoto, usimtoroke

SWALI: Mwanangu ana mwaka 1 na miezi 4. Msimu huu wa korosho namwacha kwa bibi yake alfajiri, namtoroka ili asilie. Sasa usiku anashtuka na kung'ang'ania khanga yangu, mchana ananifuata hata chooni. Bibi anasema nikimuaga ndiyo nitazidisha kilio. Nifanyeje?
Mama, Tandahimba

JIBU: Pole na kazi, mama. Bibi tunamheshimu, ila kwa hili hatukubaliani naye. Hofu ya kuachwa huanza mtoto akifika kama miezi 8, na kilele chake huwa kati ya miezi 10 na 18. Kilio hicho ni dalili kwamba anakutegemea. Kinachomkosesha usingizi ni kutorokwa: hajui utapotea saa ngapi, basi analala huku akikuchunga.

Muage kila siku. Saa haijui, lakini mfuatano wa mambo anaujua: anawe uso, anywe uji, umkabidhi mikononi mwa bibi, kisha maneno yaleyale: "Mama anakwenda shamba, tukila cha jioni yupo." Usiahidi usichokitimiza. Nusu dakika inatosha. Akilia, nenda, ukirudi kumbembeleza, atajua kilio kikikazwa mama hugeuka. Bibi naye asimtishe kwamba ameachwa. Ampe shughuli papo hapo: kifuu na mchanga, au magunzi ya kutia na kutoa kwenye kopo. Kila kitu kizidi ngumi yake, kisije kikamkwama kooni. Korosho ghafi zikae mbali naye kabisa, ganda lake lina mafuta yanayounguza ngozi.

Ukirudi, tua mzigo ukae naye dakika 10 kabla hujawasha moto. Jifunike khanga usoni, uliza "Mama yuko wapi?", ngoja kidogo, funua: "Huyu hapa!" Akizoea, jifiche nyuma ya mlango, baadaye uani huku unamwita. Ndivyo anavyojifunza kwamba asiyeonekana hurudi.

Wengi hutulia ndani ya wiki moja au mbili. Akishinda analia kwa bibi hata baada ya hapo, au akikataa kula, mpeleke kliniki.

SWALI: Wangu ana miaka 2, hatulii bila katuni za kwenye simu.
Baba, Lindi Mjini

JIBU: Miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2019 inasema kwa umri huo isizidi saa 1 kwa siku, na ikipungua ni bora zaidi. Anzeni kuiondoa wakati wa kula na kabla ya kulala; usiku msimulie hadithi ileile moja. Siku za mwanzo atalia. Simu iwekwe asipoiona.