Kupumua ukiwa na maumivu sugu: kinachosaidia na kisichosaidia

Mtu anayeishi na maumivu ya kila siku akiambiwa "vuta pumzi, tulia" hukasirika, na ana haki. Mara nyingi anayetoa ushauri huo haumwi popote. Mimi ni mgonjwa wa mgongo wa miaka mingi, kwa hiyo niseme mapema: pumzi haijaniponya. Mgongo bado upo na bado unauma. Kilichobadilika ni yale yanayoyazunguka maumivu, yaani misuli kukakamaa, hofu, na usingizi kukatika, na kwangu hayo ndiyo yalikuwa nusu ya mateso.

Madaktari huyaita maumivu sugu yanapodumu au kurudirudi kwa zaidi ya miezi 3. Kwa wengi wetu, kufikia hapo kidonda au jeraha la mwanzo si maelezo tosha tena. Mfumo wa neva wenyewe umekuwa mwepesi wa kushtuka. Mwaka 1965 watafiti wa maumivu Ronald Melzack na Patrick Wall walitoa nadharia kwamba ndani ya uti wa mgongo kuna kitu kama lango, ambalo huruhusu taarifa za maumivu zipite kwa wingi au kwa uchache kwenda kwenye ubongo, na kwamba ubongo nao una sauti katika kulifungua na kulifunga. Baadhi ya vipengele vya nadharia hiyo vimerekebishwa tangu hapo, ila wazo kuu limebaki: woga, uchovu na mawazo huzidisha maumivu, na utulivu huweza kuyapunguza. Kusema hivyo si kusema maumivu ni ya kujitungia.

Sasa jichunguze. Unapoinama kuokota kitu, au unapogeuka kitandani, je, unapumua? Wengi wetu tunabana pumzi kabla hata maumivu hayajafika. Mabega yanapanda, tumbo linakazwa, na baada ya hapo tunapumua kifupikifupi kwa juu ya kifua. Misuli ya shingo inafanya kazi isiyo yake mchana kutwa, jioni nayo inauma. Kwangu, kuigundua tabia hii kulinisaidia kuliko zoezi lolote.

Zoezi lenyewe ni jepesi. Lala chali, kunja magoti, weka mkono mmoja juu ya kitovu. Kama kulala chali kunakuumiza, lala ubavu au keti na uegemee. Vuta hewa taratibu kwa pua ukihesabu hadi 4, mkono wa tumboni uinuke wenyewe bila kuusukuma. Kisha itoe polepole ukihesabu hadi 6. Usibane katikati. Ukihesabu kwa mwendo wa sekunde, utapata pumzi 6 kwa dakika, wakati mtu mzima aliyetulia hupumua kati ya mara 12 na 20. Hesabu zikikubana, punguza: 3 kwa 4 inatosha kuanzia.

Umuhimu uko kwenye kutoa. Tunapovuta hewa mapigo ya moyo huharakisha kidogo, na tunapoitoa hupungua. Ule mshipa mrefu wa fahamu uitwao vagasi, unaoshuka kutoka kwenye ubongo hadi kifuani na tumboni, ndio unaoutuliza moyo. Ukirefusha kutoa, unaupa mwili nafasi zaidi ya kushuka kutoka kwenye hali ya tahadhari.

Watu wengi hukosea kwa kujaza mapafu kama wanaotaka kupiga mbizi. Pumzi ya polepole si lazima iwe kubwa. Ukivuta hewa nyingi kupita mahitaji, kaboni dayoksaidi hupungua kwenye damu, nawe unapata kizunguzungu na vidole au midomo kufa ganzi. Likitokea hilo, acha zoezi, pumua kawaida.

Jifunze siku ambayo maumivu ni ya kuvumilika. Hili nalisisitiza, maana wengi hujaribu kwa mara ya kwanza wakiwa kwenye kilele, zoezi linashindwa, nao wanalitupa. Dakika chache asubuhi na chache kabla ya kulala zinatosha; mwili ukishaizoea njia, ni rahisi kuirudia kukiwa kubaya. Halafu ipeleke kwenye shughuli: toa pumzi wakati unanyanyuka kitini, wakati unainua kitu, wakati unageuka kitandani. (Ya kitandani ndiyo niipendayo zaidi.)

Kuna ambao wakifumba macho na kuisikiliza pumzi yao, wasiwasi ndio unaongezeka. Si ubishi wala udhaifu. Fumbua macho, tazama kitu kimoja, au hesabu hatua ukitembea. Mwenye pumu au ugonjwa wa moyo amuulize daktari wake kwanza, na asijaribu mitindo ya kubana pumzi kwa muda mrefu.

Je, utajuaje kama inasaidia? Usijipime kwa kujiuliza kila saa maumivu ni ngapi kati ya 10, maana kuyapima mno ni kuyachochea. Mimi huangalia ninachoweza kufanya: kukaa mezani hadi chakula kiishe, kurudi usingizini nikiamka usiku. Dawa siziachi kwa sababu ya pumzi. Kupunguza dozi ni mazungumzo ya mimi na daktari. Mazoezi ya viungo pia yanaendelea.

Na kuna maumivu yasiyosubiri zoezi. Kwa sisi wa mgongo, mguu ukilegea ghafla, ganzi ikiingia sehemu za siri au kati ya mapaja, mkojo au choo kikigoma au kutoka bila kujizuia, au homa ikiandamana na maumivu, nenda hospitali siku hiyohiyo. Vivyo hivyo kwa maumivu mapya ya kifua.