Tope kwenye maji: jinsi ya kulisoma kabla ya kunywa

Kila masika ikikolea, majirani zangu huku milimani na ndugu zangu walioko Dar es Salaam huniuliza jambo lile lile: maji yametoka na tope, je, yanadhuru? Nami kabla ya kujibu huuliza: yameanza lini? Nimekuwa mjumbe wa kamati ya maji ya kijiji upande wa Milima ya Uluguru, tukisimamia mradi wa maji ya mserereko, yaani yanayoteremka yenyewe bila pampu. Huko ndiko nilikojifunza kwamba saa ambayo maji yamebadilika hueleza mengi kuliko wingi wa tope lenyewe.

Udongo mtupu si sumu. Tatizo ni kwamba haufiki peke yake. Ndani ya ukungu wa maji hayo mna chembe za udongo wa mfinyanzi, majani yaliyooza, mwani, kutu ya mabomba, na mara nyingi kinyesi cha mifugo na cha watu kilichosombwa na mvua. Wataalamu hupima hali hiyo kwa kipimo kiitwacho NTU: kifaa hupitisha mwanga ndani ya maji na kuangalia unavyotawanywa na chembe zinazoelea. Jicho la kawaida huanza kuona ukungu kwenye NTU 4 hivi. Shirika la Afya Duniani linashauri maji yawe chini ya NTU 1 kabla ya kutiwa dawa, na kwa miradi midogo ya vijijini yasizidi 5. Kwa hiyo maji yanaweza kuonekana safi kwenye glasi na bado yakawa na tope la kutosha kuharibu kazi ya dawa.

Nianze na chemchemi, maana ndiyo ninayoijua zaidi. Maji ya chemchemi ya kweli yamepita ardhini muda mrefu, yamechujwa na mchanga na miamba, na mvua ya jana jioni haipaswi kuyagusa leo asubuhi. Ukiona chemchemi imekuwa nyekundu saa chache baada ya mvua kubwa, fahamu kwamba maji ya juu ya ardhi yanaingia. Mfuniko wa chanzo umepasuka, au mfereji wa kukinga maji ya mvua umeziba, au kuna mtu amelima hadi ukingoni. Na kama tope la shambani limepata njia, kinyesi kilichokuwa kichakani nacho kimepata njia hiyo hiyo. Tope hapo ni mjumbe tu. Hata likituama na maji yakang'aa tena siku ya tatu, ule ufa upo palepale ukingoja mvua nyingine.

Ndiyo sababu kwenye kamati tulizoea kupanda chanzoni mvua inapokatika, badala ya kusubiri kiangazi barabara ikauke. Ukifika wakati maji ya mvua bado yanatiririka, unaona kwa macho yako yanapoingilia. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Tanzania ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka vyanzo vya maji. Najua mita 60 si kitu kidogo kwa mtu ambaye shamba lake lote ni kipande cha mteremko, na nimeshuhudia mazungumzo hayo yakiwa magumu. Lakini mwenye shamba akipanda na kamati, akaliona tope la shamba lake likiingia kwenye maji ya watoto wake, mazungumzo huenda vizuri zaidi kuliko ukimtumia barua.

Kisima kifupi husomwa vivyo hivyo: kikichafuka baada ya mvua, tazama nyufa kwenye sakafu yake na udongo uliotitia pembeni. Kisima kirefu cha pampu kikianza ghafla kutoa mchanga, chujio la chini limeharibika au mnapampu kuliko uwezo wake, na mchanga huo utaila pampu. Maji yanayotoka maangavu bombani kisha yakawa na wekundu yakikaa kwenye ndoo yana madini ya chuma, ambayo huchafua nguo na ladha zaidi ya afya. Na maji meupe ya bomba yanayoanza kung'aa kutoka chini ya glasi kwenda juu ni hewa tu. Subiri dakika chache, kisha kunywa kama kawaida yako.

Mjini hadithi ni nyingine. Sehemu kubwa ya maji ya Dar es Salaam hutoka Mto Ruvu, ambao unateremka kutoka milima hii hii ninayoishi, kwa hiyo mvua ikinyesha huku, mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini hupata kazi kubwa zaidi ya kusafisha. Lakini tope linaloniogopesha zaidi mjini ni lile linalokuja maji yakirudi baada ya kukatika. Bomba likikosa msukumo, kila tundu dogo lililokuwa likivujisha maji nje sasa linaweza kuvuta ndani maji yaliyolizunguka, yakiwemo ya mtaro na ya choo. Maji yakirudi kwa nguvu hutibua mashapo yote yaliyolala bombani. Usijaze ndoo ya kunywa kwa maji hayo ya kwanza. Yaelekeze kwenye usafi wa choo au bustani hadi yang'ae, na hata yaking'aa, siku hiyo yachemshe. Kama una simtanki, zuia yasiingie humo, kwa sababu mashapo yakishalala chini yatatibuka kila maji mapya yanapoingia.

Sasa nieleze kwa nini tope na dawa ya maji haviendani. Klorini, ambayo ndiyo dawa yenyewe, haichagui adui. Ikikuta mabaki ya majani na uchafu mwingine wa aina hiyo hupambana navyo kwanza na kuishia hapo, kama sabuni inavyoishia kwenye shati la shamba kabla povu halijatokea. Vijidudu vilivyojificha ndani ya chembe hubaki salama. Ndiyo maana maelekezo ya dawa nyingi za ndoo ya lita 20 hutaka dozi mara mbili maji yakiwa na ukungu. Dozi mbili ni msaada, ila hazigeuzi maji ya rangi ya chai kuwa salama. Yaondolee tope kwanza, ndipo utie dawa na kusubiri nusu saa.

Nyumbani kwangu kazi hiyo hufanywa kwa ndoo mbili na kitambaa. Maji yanakaa usiku kucha bila kuguswa, asubuhi tunamimina polepole ya juu kupitia kanga kuukuu iliyokunjwa mara nne na kuacha mashapo chini. Usidharau kitambaa. Huko Bangladesh, utafiti wa Rita Colwell na wenzake uliochapishwa mwaka 2003 ulionyesha kwamba kuchuja maji kwa sari iliyokunjwa kulipunguza kipindupindu kwa asilimia 48, kwa sababu bakteria wake hujishikiza kwenye viumbe wadogo wa majini ambao kitambaa huwanasa.

Udongo laini sana wa mfinyanzi hautuami hata ukiusubiri siku nzima. Hapo tunatumia mbegu za mti wa mlonge. Chukua mbegu zilizokauka vizuri, menya maganda, twanga ziwe unga, changanya na maji safi kidogo, kisha chuja uji wake uingie kwenye ndoo. Mimi huanza na mbegu 10 kwa ndoo ya lita 20 na kuongeza tope likiwa zito. Koroga haraka kwa dakika moja au mbili, halafu taratibu sana kwa dakika 10 hivi, funika, acha saa moja au zaidi. Protini ya mbegu hizo huzikusanya chembe zikawa mabonge, na mabonge huzama. Shabu, ile chumvi ya mawe ya kusafishia maji, hufanya kazi hiyo pia. Tofauti ni kwamba mlonge huacha mabaki ya mmea ndani ya maji, kwa hiyo usiyalaze: tumia siku hiyo hiyo, na bado yachemshe au yatie dawa.

Anayetegemea jua, yaani kuanika maji kwenye chupa za plastiki angavu, ana kipimo rahisi. Simamisha chupa iliyojaa juu ya gazeti na uchungulie kutoka mdomoni. Ukishindwa kusoma herufi kubwa za kichwa cha habari, maji yamezidi NTU 30 na mionzi haitapenya vya kutosha. Yachuje kwanza. Yakisomeka, saa sita za jua kali zinatosha, au siku mbili kukiwa na mawingu.

Naomba mtu asisome haya akaondoka na imani kwamba maji maangavu ni mazima. Arusha na kuzunguka Mlima Meru kuna maji yanayong'aa ambayo yana floraidi kupita kiasi cha miligramu 1.5 kwa lita kinachoshauriwa, na watoto hukua na meno ya kahawia, wengine na mifupa iliyopinda. Kuyachemsha hakuyatibu, kunazidisha tu, kwa kuwa maji hupungua na floraidi hubaki. Visima vifupi vilivyo karibu na vyoo navyo hutoa maji yanayong'aa. Na ukijani wa Ziwa Victoria, Kisumu au Mwanza, usiuchukulie kama tope la kawaida: baadhi ya mwani huo hutoa sumu ambayo moto hauiharibu. Chota mbali na utando, au tafuta maji mengine kabisa.

Wenye mitambo mikubwa nao wameadhibiwa kwa kupuuza badiliko dogo. Mwaka 1993 huko Milwaukee, Marekani, watu wapatao 403,000 waliugua kwa vimelea vya kriptosporidiamu vilivyopenya chujio za mtambo. Klorini ilikuwemo, lakini vimelea hao huivumilia. Tope kwenye maji yaliyokwisha kusafishwa lilikuwa limepanda hadi karibu NTU 1.7, kiasi ambacho jicho haliwezi kuona.

Kwa hiyo maji yako yakibadilika, usiishie kulalamika kwamba ni machafu. Chota kwenye chupa angavu, andika tarehe na saa, kama mvua ilinyesha na lini, kama maji yalikuwa yamekatika, kama bomba la jirani linatoa vilevile, na yanachukua muda gani kutuama. Peleka hayo kwa kamati au mamlaka ya maji ya eneo lako. Fundi akipata maelezo hayo anajua aanzie chanzoni, bombani au kwenye tenki lako.