Kabla ya kutia sahihi makubaliano ya kukiri kosa, pima adhabu upya

Mshtakiwa wa mauaji nchini Kenya akiletewa na upande wa mashtaka makubaliano ya kukiri kosa dogo zaidi, la kuua bila kukusudia, asikubali kupimiwa kwa kipimo cha zamani. Kabla ya tarehe 14 Desemba 2017, aliyepatikana na hatia ya mauaji alikuwa akingojea hukumu moja tu, kifo, na mbele ya kifo karibu pendekezo lolote lilikuwa nafuu. Siku hiyo Mahakama ya Juu, katika kesi ya Francis Muruatetu, iliwarudishia majaji uwezo wa kupima adhabu. Sasa anayeshindwa kesi ya mauaji anaweza kufungwa miaka, huku kuua bila kukusudia nako kikomo chake kikiwa kifungo cha maisha. Pengo limepungua. Mwombe wakili hukumu za hivi karibuni zenye mazingira yanayofanana na ya kesi yako, za makosa yote mawili, mzilinganishe.

Wengi hupotea wakidhani uamuzi huo uligusa kila kosa. Tarehe 6 Julai 2021 mahakama hiyohiyo ilifafanua kwamba unahusu mauaji peke yake. Kifungu cha 296(2) cha Kanuni ya Adhabu (Penal Code), wizi wa kimabavu, bado kimeandika kifo. Kushushiwa shtaka hadi 296(1), unyang'anyi wa kawaida, ambako kikomo ni miaka 14, ni jambo kubwa mno. Makosa yaliyo chini ya Sheria ya Makosa ya Kijinsia hayana makubaliano haya kabisa.

Adhabu ikibadilishwa kati ya siku ya kosa na siku ya hukumu, Ibara ya 50(2)(p) ya Katiba inampa mshtakiwa iliyo nyepesi. Basi tarehe ya kosa iandikwe wazi.

Tarehe ya kukamatwa nayo iandikwe. Kifungu cha 333(2) cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai (Criminal Procedure Code) kinataka muda wa rumande uzingatiwe, lakini hakimu asipoutaja, gereza huanza kuhesabu siku ya hukumu. Kwa aliyekaa rumande miaka 3 kisha akafungwa 10, sentensi moja iliyosahaulika ni miaka 3 ya maisha yake. Wakili aombe pale pale kortini, kabla faili haijafungwa.

Mahakama ikiyakataa makubaliano, yanakufa, na yaliyosemwa humo hayatumiki kama ushahidi dhidi yako. Ikiyakubali na kutoa hukumu, kifungu cha 137L cha Sheria hiyo ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai kinakuachia rufaa ya ukubwa au uhalali wa adhabu tu. Hatia yenyewe haikatiwi rufaa.