Paka Kijana Anatokwa na Usaha: Je, Vidonge Vinatosha?

SWALI: Paka wangu jike ana umri wa miezi 10 na hajawahi kuzaa. Aliingia kwenye joto mwezi uliopita, na tangu juzi anatokwa na majimaji mazito yenye harufu ukeni, anajilamba mno na hataki kula. Jirani ananishauri nimpe antibiotiki zilizobaki nyumbani. Nifanye hivyo?
Msomaji, Tanga

JIBU: Tafadhali usimpe, bali mpeleke kwa daktari wa mifugo leo hii. Dalili hizo zinaelekea zaidi kwenye usaha ndani ya mfuko wa uzazi, ugonjwa unaowapata sana majike wenye umri mkubwa lakini usiowaacha vijana, hasa waliodungwa sindano ya kuzuia mimba; ikiwa wako alidungwa, mweleze daktari.

Baada ya joto, yai likishapevuka, homoni ya projesteroni huunenepesha ukuta wa mfuko wa uzazi na kuupunguzia kinga, hivyo bakteria, mara nyingi E. koli wa utumbo wa paka mwenyewe waliopanda kupitia ukeni, hupata mahali pazuri pa kuzaliana. Ndiyo maana dalili huchelewa kwa wiki kadhaa. Hata jike ambaye hakupandwa na dume anaweza kuugua, kwa kuwa baadhi yao hupevusha yai bila kupandwa.

Usaha unaotoka, ingawa unatisha, una maana kwamba mlango wa mfuko uko wazi. Ninayemhofia zaidi ni yule asiyetoa kitu huku tumbo likivimba, kwani usaha uliokosa njia huweza kuupasua mfuko au kusababisha sumu kuenea katika damu.

Daktari atampima damu na kumpiga ultrasaundi, ambayo pia itaonyesha kama ana mimba. Tiba ya uhakika ni dripu na antibiotiki zinazofaa, kisha upasuaji wa kuondoa mfuko wa uzazi pamoja na ovari. Antibiotiki pekee hutuliza dalili kwa siku chache, na usaha hubaki ndani. Zipo dawa za homoni kwa paka wanaotunzwa kwa ajili ya kuzalisha, lakini ugonjwa unaweza kurudi.

Parasetamoli nayo usimpe kabisa, hata kama ana homa: nusu kidonge inaweza kumuua. Na kama nyumbani kuna jike mwingine mdogo, ulizia siku hiyohiyo kuhusu kumfunga kizazi akiwa na miezi 4 au 5, kabla ya joto lake la kwanza.