Swali la lugha: "Sensa nyeti za tetemeko"?

Msomaji wa Sinza, Dar es Salaam, anatafsiri makala kuhusu utengenezaji wa vifaa vidogo mno vya kutambua mitikisiko ya ardhi. Mwenzake kamshauri aandike "sensa ndogo nyeti za tetemeko". Anauliza kama ni sahihi.

Ndugu msomaji, mimi nisingeandika hivyo. Sensa tunayo tayari, na mwaka 2022 makarani wake walitupitia nyumba kwa nyumba. "Sensa ndogo" itasomeka kama kuhesabu watu wachache. Andika kihisi, wingi vihisi. (Na usijaribu "kijihisi" ili kuonyesha udogo, kiji- huja na dharau yake.)

"Tetemeko" nalo linabana maana. Usiku wa Agosti 12, 2020, watu wa Dar walipokimbia kutoka maghorofani, lile lilikuwa tetemeko. Lori la kontena likipita Barabara ya Mandela, vikombe vikagongana kabatini, huo ni mtetemo tu. Kifaa hakibagui, kinanasa vyote. Basi: mitetemo ya ardhi.

Kazi iko kwenye "nyeti". Si kosa, ila neno limeshazoea siri za serikali na sehemu za mwili. "Usikivu" pia una lake, maana mtoto msikivu ni yule mtiifu. Afadhali tutazame kifaa kinafanya nini. Ndani mna uzito ulioshikiliwa na springi. Ardhi ikitikisika, fremu husogea nayo, uzito ukabaki nyuma kidogo, na tofauti hiyo ndiyo inayopimwa. Katika vihisi vidogo, uzito na springi huchongwa pamoja kwenye kipande cha silikoni. Tabu ni kwamba uzito ukiwa mdogo, hata joto la kawaida huuchezesha, na mchezo huo hufunika mitetemo dhaifu. Mafundi wameliweza hilo: chombo cha anga cha InSight, kilichotua kwenye sayari ya Mirihi Novemba 2018, kilibeba vihisi vya silikoni vilivyotengenezwa Uingereza.

Sifa inayotafutwa, basi, ni kunasa kilicho dhaifu. Iseme kwa kitenzi: "vihisi vidogo vya kunasa mitetemo hafifu ya ardhi". Kwenye jedwali, panapotakiwa nomino, weka "wepesi wa kuhisi", kama tusemavyo fulani ni mwepesi wa hasira. Lakini usikatishe ukaandika "vihisi vyepesi", msomaji atadhani unataja gramu.