Nikiitikia Wito kwa Woga, Je, Mungu Atanipokea?

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni mwanamume wa miaka 36, mhasibu, nina mke na watoto wawili. Kwa miaka mitatu nimekuwa na mzigo moyoni wa kumtumikia Mungu katika uchungaji. Wazee wa kanisa wameniita wakaniambia kwamba wao pia wanauona wito huo, na wako tayari kunipeleka chuo cha theolojia. Niliahidi kuwajibu, na huu ni mwezi wa tano sijawajibu. Sijui kusema mbele ya watu, na mke wangu hulia kila jambo hili linapotajwa. Rafiki yangu wa maombi ameniambia kuwa nikizidi kukimbia, Mungu atanipiga kupitia watoto wangu. Tangu siku hiyo silali. Ninachokifanya kwa furaha ni kimoja tu: kila Alhamisi huenda kwa mzee mmoja mjane asiyesikia vizuri, nikamsomea zaburi karibu kabisa na sikio lake. Je, nikisema ndiyo huku nimejaa woga, Mungu ataipokea?*
*Anayesitasita*

Marahaba, mwanangu.

Nianze na lile linalokunyima usingizi. Maneno aliyokuambia rafiki yako kuhusu watoto wako yaweke kando, na ukimwona mwambie kwa upole asiyarudie tena. Mtume Petro, alipowaandikia wazee waliokuwa wakilichunga kundi, aliwataka walichunge “si kwa kulazimishwa, bali kwa hiari kama Mungu atakavyo”. Mtu anayeingia madhabahuni kwa sababu ameshikiwa fimbo juu ya watoto wake hajaitikia wito, amelipa fidia. Nami nahofia kwamba mchungaji aliyeingizwa kwa vitisho atawachunga wengine kwa vitisho vilevile, kwa kuwa ndiyo njia pekee aliyoonyeshwa.

Najua utanitajia Yona, kwa maana kila anayekawia kuitika hutajiwa Yona. Isome habari yake hadi sura ya nne. Dhoruba ilimrudisha njiani, lakini mabaharia waliokuwa naye walipona, na hakuna mtoto wa mtu aliyechukuliwa ili yeye atii. Tena baada ya kuhubiri, na mji mzima kutubu, Yona aliketi nje ya mji akiwa na hasira hata akaomba afe, kwa sababu miguu yake ilikuwa imefika Ninawi lakini moyo wake haukufika. Hilo ndilo ningependa ulitafakari zaidi ya samaki. Mungu hakuridhika na miguu peke yake. Aliendelea kusema naye kuhusu moyo, na kitabu kinaisha kwa swali ambalo Yona hajalijibu.

Sasa nije kwenye woga wako, ambao kwa maoni yangu ni kitu tofauti kabisa na kukosa hiari. Musa, mbele ya kile kijiti kilichowaka moto, alitoa hoja baada ya hoja: yeye ni nani, aseme ametumwa na nani, itakuwaje wasipomwamini, na kwamba ulimi wake ni mzito. Hoja zote nne zilijibiwa kwa uvumilivu. Hasira ya Bwana iliwaka pale tu Musa alipoishiwa hoja akaomba atumwe mtu mwingine, na hata hapo alipewa Haruni, ndugu yake, awe msemaji. Kwa hiyo ukimwambia Mungu kwamba hujui kusema mbele ya watu, hujamkosea. Mwambie, kisha usikilize atakupa nani wa kusimama nawe.

Katika historia ya kanisa, anayenigusa zaidi ni Gregory wa Nazianzus. Baba yake, aliyekuwa askofu, alimweka wakfu kuwa kasisi wakati yeye mwenyewe hakutaka, naye akakimbilia Ponto kwa rafiki yake Basil. Alirudi mwaka 362, wakati wa Pasaka, kisha akaandika utetezi mrefu akieleza kwa nini alikimbia na kwa nini alirudi. Humo anasema kuwa kuongoza roho za watu ni sanaa ya sanaa zote, ngumu kuliko kazi ya tabibu wa mwili, na anamtaja Yona kati ya waliomfundisha kurudi. Woga wake ulitokana na kuiona kazi kwa ukubwa wake. Binafsi ninamwogopa zaidi anayeikimbilia huduma bila kutetemeka hata kidogo.

Nimekuwa mke wa mchungaji kwa miaka 28, kwa hiyo machozi ya mkeo ninayafahamu. Usiku mmoja simu ililia saa nane, kuna mtu alikuwa anakata roho. Mume wangu aliketi ukingoni mwa kitanda gizani, akavaa kiatu kimoja, akatulia na kingine mkononi kwa muda mrefu. Sikumwambia neno. Baadaye akakivaa, akaenda. Alikuwa amechoka na alikuwa anaogopa, lakini hakuna aliyemsukuma kutoka mlangoni. Mimi nilibaki na watoto na hesabu za nyumbani zisizotosha, na kwa miaka mingi hakuna aliyeniuliza kama nami nimeitwa. Hilo lilikuwa kosa, nawe usilirudie kwa mkeo. Muulize analia nini hasa: mshahara utakaopungua, kuhamahama, au hofu kwamba atakupoteza kwa watu wengine. Wewe ni mhasibu. Kaeni na kalamu mpige hesabu ya gharama, kama Bwana alivyosema juu ya mtu atakaye kujenga mnara. Elisha naye aliomba kwanza akawabusu wazazi wake, ndipo akamfuata Eliya.

Kuhusu wazee, nimefurahi kwamba wao pia wameuona wito huu, kwa maana sauti ya moyoni peke yake huweza kumdanganya mtu. Kule Antiokia, Barnaba na Sauli walitengwa kwa ajili ya kazi mbele ya kanisa lililokuwa likifunga na kuomba. Lakini miezi mitano ya kimya ni mingi, na wazee nao wanahitaji kujua wanakuombea nini. Waombe mwaka mmoja wa kujaribiwa kabla ya chuo: uhubiri mara chache, uwatembelee wagonjwa, uongoze maziko ukiwa na mchungaji, nao wakuambie ukweli wa walichokiona.

Na huyo mzee wa Alhamisi? Hakuna aliyekutuma kwake, hakuna aliyekutisha, na hakuna kusanyiko linalokutazama unapoinama hadi sikioni pake. Hiari unayodhani huna iko pale, nawe umekuwa ukiitenda kila wiki. Alhamisi hii nenda na mkeo. Akae karibu, asikie unavyosoma, amwone mzee anavyokusikiliza. Mkirudi nyumbani, mwache aseme yeye kwanza, kisha mpange pamoja siku ya kwenda kuwajibu wazee.